"Umati" ni nani, na ni wangapi?

"Umati mkubwa wa watu ulijitokeza jana kumsikiliza mgombea huyo." Sentensi ya namna hii hupita mbele ya macho ya msomaji bila kumkwaza popote. Haina kosa la tahajia, haimtukani mtu, haimsingizii mtu. Ila ukiibana kidogo utaona imekwepa mambo mawili ambayo mwandishi alitumwa uwanjani kuyatafuta: watu walikuwa wangapi, na walikuwa akina nani. Mia tano waliobanana kwenye kiwanja cha shule ya msingi ni umati. Elfu sitini ni umati. Wanachama waliopakiwa kwenye mabasi tangu alfajiri ni umati, na wapita njia waliosimama kuchungulia kuna nini ni umati vilevile.

Neno lenyewe halina hatia. Lugha yoyote inahitaji jina la watu wengi walio mahali pamoja, na siku nyingine hilo ndilo jambo pekee ambalo mwandishi ana hakika nalo. Tatizo ni kwamba katika habari zetu "umati" limezoea kushika nafasi ya kazi ambayo haijafanywa. Pale pa kuhesabu, linaingia. Pale pa kuuliza "ninyi ni nani na mmefuata nini," linaingia. Na mambo yakiharibika, watu wakafa, linaingia tena, safari hii likiwa mtuhumiwa.

Asili yake inaeleza mengi. Umati na umma ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya jamii, taifa au watu wa imani moja. Katika tenzi za kale, "umati Muhamadi" si watu waliojazana mahali. Ni wafuasi wa Mtume popote walipo, waliotangulia na watakaokuja. Ndugu hawa baadaye wakagawana urithi, na mgawanyo haukuwa sawa. Umma akapewa mali, utumishi, maslahi na maoni: mali ya umma, utumishi wa umma, maslahi ya umma, maoni ya umma. Umma unaweza kuibiwa, na mwizi wake akapelekwa mahakamani. Umati ukabaki na miili, jasho na kelele. Hakuna anayeandika "polisi waliutawanya umma kwa mabomu ya machozi," wala hakuna anayetetea "maslahi ya umati." Watu ni walewale, waliobadilika ni majina, na jina ndilo linaloamua kama mtu huyo ana haki au ni wa kutawanywa.

Halaiki nayo ina historia yake. Katika Kiarabu, ilikotoka, ilimaanisha viumbe. Tanzania leo neno hilo linaleta picha ya watoto wa shule wakichora maumbo uwanjani kwenye sherehe za kitaifa, na neno hilohilo linabeba "mauaji ya halaiki." Msomaji hachanganyikiwi, kwa sababu muktadha unamwongoza. Kuhusu "umati" muktadha haumsaidii hivyo, labda kwenye jambo moja dogo tu: Tanzania kuna chama cha uzazi wa mpango, Chama cha Uzazi na Malezi Bora, ambacho kifupi chake ni UMATI, na kichwa cha habari kikiandikwa chote kwa herufi kubwa kinaweza kuleta kizaazaa.

Tuingie kwenye sarufi, kwa sababu ndiko neno hili linakofanya kazi yake kimyakimya. Kiswahili kina ukarimu mkubwa kwa viumbe wenye uhai. Ng'ombe wamevuka. Kuku wametoka bandani. Hata mende, ambao hakuna anayewapenda, wamejaa kabatini. Tunawapa "wa-" ileile tunayowapa walimu na wazazi wetu. Lakini chukua watu elfu kumi, waite umati, na "wa-" inawatoka: umati ulikusanyika, umati ulivunja lango, umati ulitawanywa. Waite kundi, wanakuwa "li-": kundi lilivamia. Waite genge, ni hivyohivyo. Mende mmoja amebaki na hadhi ya kiumbe, watu elfu kumi wamegeuka kitu.

Mtu wa sarufi atanijibu, na kwa haki, kwamba hiyo ni kawaida ya nomino za jumla. Kamati imekaa, jeshi limesonga mbele, familia imehama. Sawa. Ila kamati ina mwenyekiti, jeshi lina kamanda, familia ina wazazi. Kitu hicho kikitenda jambo, kuna mlango wa kugonga na mtu wa kuulizwa. Umati hauna mwenyekiti. Ukiandika "umati ulichoma gari," umetunga kiima ambacho hakiwezi kupigiwa simu, hakiwezi kukanusha wala kushtakiwa, na hakina upande wake wa habari.

Pengine ndiyo sababu wasemaji wengi hukataa upatanisho huo bila kujua. Sikiliza watangazaji wakiwa hewani: "umati wa watu walijitokeza." Mhariri atasahihisha iwe "ulijitokeza," naye yuko sahihi, kwa kuwa kiima ni umati na si watu. Lakini ulimi wa mtangazaji ulikuwa unafuata watu aliowaona kwa macho. Kwangu mimi, dawa si kurekebisha kiambishi. Ni kulitoa neno "umati" na kubaki na "watu wengi walijitokeza." Sentensi inakuwa fupi, "wa-" inarudi mahali pake, na hakuna kilichopotea, maana hata "umati mkubwa" haukuwa na idadi.

Sasa linganisha na jina jingine ambalo watu hao hao hupewa: wananchi. Hili ni neno lenye heshima kuliko yote. Mwananchi ana nchi, ana kura, ana madai. Kwa hiyo inafaa kutazama ni umati gani hupandishwa cheo na kuitwa wananchi. Kiongozi akitembelea mkoa, "wananchi wamejitokeza kwa wingi kumlaki." Barabara ikifungwa kwa mawe kudai maji, mara nyingi ni "kundi la vijana," "umati wenye hasira," au, kama taarifa imetoka kwa wakubwa, "watu wasiojulikana" na "wahuni." Anayepokea na anayefunga barabara wanaweza kuwa mtu mmoja, asubuhi na jioni.

Kuna mahali pamoja ambapo mpangilio huo hugeuka juu chini, na ndipo panaponisumbua zaidi. Kijana anatuhumiwa kuiba simu au kuku, anapigwa mpaka anakufa, na habari inasema: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Fungu hilo la maneno limekuwa kama muhuri. Hutokea kwenye taarifa za polisi, linahamia kwenye daftari la mwandishi, linafika gazetini bila kuguswa. Waliotenda wamepewa jina la heshima kuliko yote, na juu yake wamepewa sababu, kwa kuwa mwenye hasira kali ameshaelezwa kabla hajaulizwa. Aliyekufa huwa "mtuhumiwa," au "kibaka," neno ambalo linatoa hukumu pasipo mahakama. Hapo "wa-" imerudi, lakini imerudi kwa upande mmoja tu wa habari.

Sheria haijui hasira za wananchi kama kiumbe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 196, inazungumzia mtu anayesababisha kifo cha mwingine kwa dhamira ovu, na haijali kama walikuwa mmoja au hamsini. Kila aliyeshika tofali ni mtu mmoja mwenye jina, na kwa kawaida majirani wanalijua. Mwandishi aliyefika pale anaweza asiruhusiwe kulichapisha jina hilo, kwa sababu za kisheria na za usalama wake, lakini bado anaweza kuandika "watu waliokuwa eneo hilo walimpiga hadi kufa" na kuuliza kama kuna aliyekamatwa. Swali hilo la mwisho ndilo ambalo "wananchi wenye hasira kali" hulizima, kwa sababu huwezi kuwakamata wananchi.

Nyuma ya hasira hiyo ya kundi kuna nadharia ya zamani ambayo hatukuitunga sisi. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon alidai kwamba mtu akiingia kwenye kundi kubwa hupoteza akili yake na kuingia kwenye akili moja ya kundi, iliyo ya chini, yenye jazba, inayoambukizana kama homa. Wazo hilo lilipendwa na watawala, na bado linaishi kila tunaposema umati "ulipandwa na mori" au "ulilipuka." Waliokwenda kuchunguza makundi yenyewe walikuta kitu kingine. Ghasia zilipozuka mtaa wa St Pauls mjini Bristol, Uingereza, Aprili 1980, mwanasaikolojia Stephen Reicher alizifuatilia na kuona zina mipaka: polisi na magari yao walishambuliwa, nyumba za watu wa mtaani hazikuguswa, na kuna waliosimama barabarani kuongoza magari yapite. Watu hawakuwa wamepoteza akili. Walikuwa na adui waliyemchagua na mipaka waliyoielewa bila kuandikiana. Habari inayosema "umati ulipandwa na hasira" haina nafasi ya kuuliza kwa nini duka moja lilichomwa na la jirani yake likaachwa.

Na sheria, ikitaka, ina umati wake mdogo kuliko wa magazeti. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zinasomeka karibu sawa hapa, kwa kuwa chimbuko lao ni la kikoloni: mkusanyiko usio halali unaanzia watu watatu. Watatu! Hao wanaenea kwenye bajaji moja, lakini wakiwa na nia ya kutenda kosa, au mwenendo wao ukiwatia majirani hofu ya uvunjifu wa amani, wanatosha. Katiba za nchi hizo hizo zinalinda haki ya kukusanyika, ya Kenya kwenye ibara ya 37 na ya Tanzania kwenye ibara ya 20. Kwa hiyo mwandishi anapochagua kati ya "mkutano," "maandamano," "mkusanyiko" na "umati," hachagui ladha ya lugha tu. Mawili ya mwanzo ni vitendo vya watu wenye haki, watu waliopanga jambo. "Umati" ni hali, kama mawingu au tope.

Juni 25, 2024 jijini Nairobi majina haya yalipambana hadharani. Watu waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge. Ndani ya saa chache walikuwa waandamanaji kwa mmoja, vijana wa Gen Z kwa mwingine, umati kwa wa tatu. Usiku Rais William Ruto alisema mjadala halali umetekwa na wahalifu waliojipanga, na akalitaja tukio hilo kuwa la uhaini. Kesho yake akatangaza kwamba hatatia saini muswada ule. Kwenye siku moja na nusu kundi lile lilikuwa limepita kutoka uhalifu hadi kusikilizwa, na gazeti lililokuwa limeandika "umati" tangu mwanzo hadi mwisho halikuwa na namna ya kumwonyesha msomaji mabadiliko hayo.

Nieleze pia njia moja ya kawaida ambayo neno hili huingia kwenye habari zetu bila mtu kulichagua. Habari nyingi za kimataifa hutoka kwa mashirika kama Reuters, AFP na AP, na hutafsiriwa kwa kasi. Kiingereza kina neno la kundi lililokusanyika tu (crowd) na neno jingine, lenye dharau, la kundi lenye fujo (mob). Mfasiri mwenye dakika kumi huyapeleka yote mawili kwenye "umati." Mkusanyiko wa waombolezaji na kikundi cha waliochoma hekalu la wenzao wanafika kwa msomaji wa Kiswahili wakiwa wamevaa nguo moja.

Kuhusu idadi, rafiki mkubwa wa "umati" ni "maelfu." Kwa hesabu, maelfu yanaanzia elfu mbili na hayana mwisho. Ni namba isiyoweza kukanushwa, na ndiyo maana inapendwa. Wenye kusukumwa zaidi huandika "maelfu kwa maelfu," na viwanja "hufurika," "hujaa pomoni," hata "hutapika." Mtaani Tanzania kuna "nyomi," ambalo angalau halijifanyi takwimu.

Kuhesabu watu uwanjani kunawezekana, na hakuhitaji mashine ya ajabu. Miaka ya 1960 Herbert Jacobs, aliyekuwa akifundisha uandishi wa habari Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa na dirisha lililotazama uwanja wa chuo walikokutania wanafunzi waliokuwa wakiandamana. Sakafu ya uwanja ilikuwa imegawanywa kwa mistari kuwa miraba. Akahesabu watu kwenye miraba michache, akapata wastani, akazidisha kwa idadi ya miraba iliyojaa. Kutokana na hapo akatoa vipimo ambavyo bado vinatumika: kundi lililolegea, kila mtu ana futi za mraba kumi, yaani karibu mita moja ya mraba, kundi lililosongamana, futi nne na nusu, kundi lililobanana mpaka huwezi kupita, futi mbili na nusu, yaani kama watu wanne kwenye mita moja ya mraba.

Chukua uwanja wa mpira. Wa kawaida wa kimataifa una mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Watu wakisimama mmoja kila mita ya mraba, ni kama elfu saba. Wakisongamana wawili wawili, elfu kumi na nne. Wakibanana wanne wanne, hawafiki elfu ishirini na tisa. Ukisikia mkutano uliofanyika kwenye kiwanja cha ukubwa huo ulihudhuriwa na watu laki moja, maana yake kila mita ya mraba ilibeba watu kumi na wanne. Hapo hakuna hotuba inayosikilizwa. Hapo watu wanakufa. Kwa upande wa pili, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, una viti 60,000. Mkutano ukifanyika pale na majukwaa yakajaa, hakuna haja ya "maelfu kwa maelfu." Namba ipo, mkandarasi aliifunga pamoja na viti.

Maandamano yanayotembea ni magumu zaidi, maana wengine wanaingia na wengine wanatoka, na waombolezaji wanaopita mbele ya jeneza siku nzima hawawezi kuhesabiwa kwa picha moja ya saa sita mchana. Picha nazo zina hila zake. Lenzi ndefu hubana nafasi kati ya vichwa, kundi la mia tatu likaonekana halina pengo. Kamera ya juu huonyesha mapengo yote, na ndiyo maana waandaaji hupenda picha za jukwaani kuelekea watu kuliko za drone.

Hata hivyo ugumu mkubwa wa idadi hautoki kwenye hesabu. Kila mtoa namba ana shauri lake. Juni 16, 2019 huko Hong Kong waandaaji wa maandamano walisema waliotoka ni karibu watu milioni mbili. Polisi walisema 338,000 kwa kiwango cha juu kabisa. Washington, Oktoba 1995, walinzi wa hifadhi za taifa walikadiria watu 400,000 kwenye mkutano wa wanaume Weusi ulioitishwa na Louis Farrakhan, kiongozi wa kundi la Nation of Islam. Waandaaji walidai ni zaidi ya milioni moja, wakatishia kwenda mahakamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipozipima picha walipata kama 837,000, na wakakiri kwamba makadirio yao yanaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 20. Baada ya hapo Bunge la Marekani likawazuia walinzi wale kutumia fedha kuhesabu watu kwenye mikusanyiko hiyo. Magazeti ya Ufaransa yamezoea njia iliyo wazi zaidi: yanaandika namba ya polisi na namba ya waandaaji pamoja, msomaji aone umbali kati yake. Umbali huo wenyewe ni habari.

Kwa upande wetu, somo la wazi kuliko yote lilikuwa uchaguzi wa Tanzania wa 2015. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alipotoka chama tawala, CCM, Julai mwaka huo na kugombea urais kupitia Chadema akiungwa mkono na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, mikutano yake ilijaa kiasi kwamba neno "umati" lilionekana dogo. Likapatikana "mafuriko." Likashika, likaingia kwenye vichwa vya habari, likawa kama hoja yenyewe: mafuriko hayazuiliki. CCM nayo ikaonyesha mafuriko yake. Oktoba 25 kura zikapigwa, na Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza asilimia 58.46 kwa John Magufuli na 39.97 kwa Lowassa. Wapo walioyapinga matokeo hayo, na hilo ni suala jingine. Ninachosema ni kwamba kwa miezi miwili vyombo vya habari vilikuwa vikiandika ukubwa wa mikutano kana kwamba ni matokeo ya awali. Mtu anaweza kwenda mikutano ya wagombea wote wawili, na wengi walikwenda. Anaweza kuwa na miaka kumi na sita. Anaweza kuwa hakujiandikisha. Anaweza kuwa amefuata wasanii. Hayo yote yanapatikana kwa kuuliza watu ishirini pale uwanjani, kazi ya nusu saa, na ni watu ishirini zaidi ya wanaoulizwa kwa kawaida.

Nimeacha mwisho matumizi yenye uzito kuliko yote, pale ambapo umati unakufa.

Februari 1, 2020 mjini Moshi watu 20 walifariki kwenye ibada iliyofanyika Uwanja wa Majengo, walipokuwa wakisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Machi 21, 2021 watu walifurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kutoa heshima za mwisho kwa mwili wa Rais Magufuli. Polisi baadaye walisema waliokufa ni 45. Mara zote mbili kitenzi kilichotawala habari kilikuwa kimoja: kukanyagana.

Kitazame kitenzi hicho. Kiambishi "-ana" ni cha kutendana: wanapendana, wanagombana, wanaibiana. Watendaji na watendewa ni walewale. "Watu 45 wafa kwa kukanyagana" inasema, kwa sarufi tupu, kwamba marehemu na wenzao waliuana. Lango halimo kwenye sentensi hiyo, wala upana wa njia, wala aliyepanga watu wote hao waelekezwe sehemu moja siku moja, wala aliyeamua mlango upi ufungwe. Maelezo ya polisi baada ya msiba wa Uhuru yaligusia watu waliokosa subira na kutaka kuingia kwa nguvu. Maelezo hayo yalikaa vizuri kabisa ndani ya kitenzi kilichokwisha kutoa hukumu.

Fizikia ya vifo hivi inaeleza jambo tofauti. Wengi hawafi kwa nyayo. Wanakufa wamesimama, au wameegemeana, kwa kubanwa kifua mpaka mapafu hayawezi kupanuka. Msongamano ukizidi watu watano hivi kwenye mita ya mraba, mtu mmoja mmoja anaanza kupoteza uwezo wa kuamua aelekee wapi. Ukifika sita au saba, kundi zima linaenda kama maji, mawimbi yanapita ndani yake, na aliye mbele hana habari kwamba aliye nyuma amesukuma. Aliye nyuma hana habari kwamba mbele kuna mtu anakufa. Kumwambia mtu wa namna hiyo akose au asikose subira hakuna maana.

Hillsborough, uwanja wa mpira wa Sheffield nchini Uingereza, ndiyo kesi iliyochunguzwa kuliko zote. Aprili 15, 1989 polisi walifungua lango la kutokea ili kupunguza watu waliojaa nje, mashabiki wakaingia kwenye njia ya chini iliyowapeleka kwenye vizimba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Waliokufa kutokana na siku hiyo wamefika 97. Ndani ya siku chache vyombo vya habari vikachapisha hadithi ya umati wa walevi waliolazimisha kuingia. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi rasmi, Agosti 1989, ilisema sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kusimamia watu, lakini hadithi ya walevi ilikuwa imeshaota mizizi. Mwaka 2016, miaka 27 baadaye, baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba marehemu waliuawa isivyo halali na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia. Seoul, Oktoba 29, 2022, watu 159 walifariki kwenye kichochoro cha Itaewon chenye upana wa mita tatu na kidogo. Simu ya kwanza ya kuwaonya polisi ilikuwa imepigwa saa 12:34 jioni, zaidi ya saa tatu kabla. Huwezi kufika kwenye simu hiyo ukianzia na neno "kukanyagana," kwa sababu neno hilo limeshakuambia wa kulaumiwa wako chini pale, wamefunikwa shuka.

Kiswahili kina "msongamano," ambalo linataja hali bila kumtafuta mkosaji, na kina "kubanwa" na "kukosa hewa," ambavyo vinataja kilichoua. "Watu 45 wafariki katika msongamano Uwanja wa Uhuru" inatoshea kwenye kichwa cha habari, na inamwachia mwandishi wa kesho yake kazi ya kuuliza malango yalikuwa mangapi, yapi yalifunguliwa, saa ngapi, na kwa amri ya nani. Saa ya kwanza baada ya msiba hakuna anayejua majibu hayo, na hapo "umati" linaweza kukaa kwenye habari kwa muda. Likikutwa bado lipo kwenye habari ya siku ya tatu, basi hakuna aliyekwenda kwenye malango.